Chenin Blanc: isome lebo kabla hujatoa pesa

Mnunuzi anasimama mbele ya rafu ya mvinyo mweupe, Dar es Salaam au Nairobi, anaona chupa mbili zenye jina moja: Chenin Blanc. Bei ya moja ni mara tatu ya mwenzake. Anachukua ya bei ndogo, anafika nyumbani anakuta tamu kama sharubati. Safari nyingine anajikaza ananunua ile ghali, anakuta chachu ya kukunja uso, haina hata chembe ya sukari. Anaamua kwamba Chenin haina msimamo, anarudi kwenye bia yake.

Zabibu haina kosa. Kosa ni kununua kwa jina la zabibu peke yake, na hii (inatamkwa "shenan blan") inamwadhibu mnunuzi wa namna hiyo kuliko nyingi. Hiyo hiyo moja inatoa mvinyo mkavu, yaani usiobakiza sukari; inatoa wa utamu wa kati; inatoa mtamu mzito wa rangi ya asali unaoweza kukaa chupani miaka 50; inatoa wa mapovu; na Afrika Kusini kwa miaka mingi mvinyo wake umechemshwa kuwa brandi. Tathmini hii inaupima mvinyo wa Chenin wa mahali patatu: Afrika Kusini, bonde la mto Loire huko Ufaransa, na Dodoma. Kwao ni Loire, lakini Afrika Kusini inatangulia kwa kuwa ndiyo inayojaza rafu zetu.

Zabibu yenyewe

Mzabibu wa Chenin unachipua mapema na kuiva kwa kuchelewa. Vichala vyake vimebanana, ngozi ya punje ni nyembamba, kwa hiyo mvua ikinyesha karibu na mavuno ukungu unaanzia katikati ya kichala, mahali ambapo dawa haifiki. Ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga, nao unaupenda. Tena punje haziivi kwa pamoja: kichala kimoja kinakuwa na punje za njano zinazong'aa na nyingine bado za kijani. Mkulima makini anapita shambani mara 3 au 4, kila mara anakata zilizoiva tu. Anayevuna zote siku moja anachanganya mbichi na mbivu, na mvinyo wake unakuwa na ukali wa tufaha bichi juu ya utamu usio na harufu. Ukiuonja ukahisi vitu viwili vinavyogombana mdomoni, sababu mara nyingi ni hiyo.

Mali yake kubwa ni uchachu. Zabibu nyingi zikipigwa na joto zinapoteza asidi haraka, mvinyo unakuwa bapa, kama soda iliyokwisha gesi. Chenin inashikilia asidi yake hata kwenye jua kali. Hii ndiyo inayofanya mvinyo mtamu wa Chenin usichoshe, na ndiyo inayomshtua aliyezoea mvinyo wa sukari anapokutana na ule mkavu.

Udhaifu wake ni kuzaa kupita kiasi. Shamba lenye maji ya kumwagilia likiachiwa linatoa zaidi ya tani 20 kwa hekta, na mvinyo wake unanuka pea kidogo na maji mengi. Likipunguzwa hadi tani 5 au 8, ladha inajaa. Mizabibu mikongwe inajipunguzia yenyewe, na hapo ndipo umri wa mzabibu unapoanza kuwa na maana ya pesa.

Kuhusu sukari, hesabu ni nyepesi na inasaidia sana dukani. Kila gramu 17 hivi za sukari kwenye lita ya juisi zikichachuka zinatoa asilimia 1 ya kilevi. Juisi yenye gramu 220 kwa lita ikichachuka mpaka sukari iishe inatoa mvinyo wa asilimia 13 hivi. Mtengenezaji akiusimamisha mchakato zikiwa zimebaki gramu 50 (anaupoza mpaka karibu na sifuri, anachuja hamira, anaweka salfa kidogo) anapata mvinyo mtamu wa asilimia 10. Kwa hiyo lebo isiposema kitu kuhusu utamu, tazama kilevi. Chenin ya asilimia 12.5 hadi 13.5 aghalabu ni kavu. Ya asilimia 8 hadi 10, tarajia sukari.

Afrika Kusini: nyingi, na si zote ni sawa

Hakuna nchi yenye Chenin nyingi kuliko Afrika Kusini. Ufaransa yenyewe imeachwa mbali. Karibu sehemu moja kwa tano ya mashamba ya zabibu za mvinyo nchini humo ni ya zabibu hii. Iliingia Rasi ya Tumaini Jema katika karne ya 17, jina lake likapotea njiani, watu wakaiita Steen. Miaka ya 1960 ndipo ilipothibitishwa katika mji wa mvinyo wa Stellenbosch kwamba Steen na Chenin Blanc ni kitu kimoja.

Sifa mbaya ya kuwa zabibu ya mvinyo rahisi ilijengwa kwenye miaka hiyo hiyo. Mwaka 1959 ulitoka mvinyo mweupe wa utamu wa kati ulioitwa Lieberstein, Chenin ikiwa nguzo yake. Mwaka wa kwanza ziliuzwa lita 30,000 hivi. Kufikia 1964 zilikuwa lita milioni 31. Wakulima waliona njia: panda Chenin, mwagilia, vuna tani nyingi. Kinachobaki kwenye maboksi ya lita 3 na 5 leo ni mtoto wa fikra hiyo.

Tuanze basi na chini. Boksi la mvinyo mweupe wa utamu wa kati halina ubaya kwa sherehe ya watu 40, lakini angalia tarehe ya kujazwa. Mfuko wa ndani unapitisha hewa polepole, na baada ya mwaka mmoja hivi mvinyo unaanza kuwa na harufu ya tufaha lililochubuka. Boksi lililokaa kwenye stoo yenye joto linawahi zaidi. Likishafunguliwa na kuwekwa kwenye friji linavumilia wiki 3 au 4, jambo ambalo chupa haiwezi.

Ngazi ya pili ndiyo inayostahili pesa ya kila siku: chupa kavu, zilizochachushwa kwenye matangi ya chuma cha pua, kifuniko cha kuzungusha. Spier Signature, KWV na Petit Chenin ya Ken Forrester ziko kundi hili. Harufu ni ya pera, pea, wakati mwingine pesheni na nanasi lisiloiva sawasawa. Mdomoni ni nyepesi, safi, na uchachu unaosafisha ulimi. Mvinyo huu umetengenezwa unywewe ukiwa mchanga. Mavuno ya huko ni kati ya Januari mwishoni na Machi, na kabla mwaka haujaisha chupa zimeshaanza kusafiri, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua chupa ya ngazi hii yenye umri wa zaidi ya miaka 2. Muuzaji anayekwambia "hii ni ya zamani, ndiyo nzuri" anakuuzia mzigo uliolala.

Halafu lebo yenyewe. Mfumo wa asili ya mvinyo wa Afrika Kusini ulianza mwaka 1973, na unabana mambo matatu. Jina la eneo likitajwa, zabibu zote lazima ziwe za eneo hilo. Jina la zabibu likitajwa, angalau asilimia 85 iwe zabibu hiyo. Mwaka nao ni asilimia 85. Sasa soma eneo. "Western Cape" ni uwanja mpana mno, maana yake zabibu zimekusanywa huku na huku. Kwa chupa ya bei ndogo hilo halina shida, kwa chupa ghali uliza kwa nini. "Stellenbosch" kwa kawaida inakupa mwili mnene, yaani uzito mdomoni, na matunda mabivu. "Swartland" ni nchi kavu yenye mizabibu isimamayo yenyewe kama kichaka, bila nyaya, mingi bila kumwagiliwa. Mvinyo wake hauna harufu ya kelele, una ukali wa chumvichumvi na uzito wa nafaka. Kwa ladha yangu, Swartland ndiyo inayokwenda mbali zaidi kwenye chakula, ingawa mtu anayetaka matunda puani ataipenda Stellenbosch.

Ngazi ya tatu ni ya mizabibu mikongwe. Tafuta stika ndogo shingoni yenye maneno "Certified Heritage Vineyards". Inatolewa na Old Vine Project, mradi uliotokana na kazi ya mtaalamu wa mizabibu Rosa Kruger ya kuzunguka nchi akitafuta mashamba ya zamani, na haipewi mvinyo wa mizabibu yenye umri chini ya miaka 35. Mwaka wa kupandwa shamba umeandikwa pale pale kwenye stika. Sehemu kubwa ya mashamba hayo makongwe ni Chenin, kwa sababu ndiyo iliyopandwa kwa wingi zamani zile za brandi na Lieberstein. Kilichopandwa kwa ajili ya wingi, wajukuu wanakivuna kwa uchache na kukiuza ghali.

Old Vine Reserve ya Ken Forrester ni mlango mzuri wa kuingilia ngazi hii. Sehemu yake imechachushwa kwenye mapipa ya mwaloni na kukaa juu ya mashapo yake (hamira iliyozama chini), kwa hiyo unapata asali, tufaha la kuokwa na ulaini kama krimu, bila mbao kufunika zabibu. Hope Marguerite ya Beaumont, kutoka Bot River, inakaa kwenye mapipa yaliyokwisha kutumika, inabana zaidi, uchachu uko mbele; ifungue nusu saa kabla. Kutoka familia ya Sadie kuna Skurfberg, Chenin tupu ya mashamba ya zamani upande wa Olifants River: hii si ya kuanzia, bei yake inatisha, na akiinywa mtu anayetafuta utamu itakuwa hasara mbili kwa mpigo.

Onyo la mapipa. Pipa jipya linaleta vanila, nazi na moshi. Chenin inabeba kiasi, kikizidi inazama. Ukinusa glasi ukapata vanila kwanza na tunda likaja nyuma likihema, mtengenezaji amekuuzia mbao.

La pembeni: mvinyo wa kwanza wa Afrika Kusini uliotiwa mapovu ndani ya chupa kwa njia ya Champagne, Kaapse Vonkel ya Simonsig ya mwaka 1971, ulitengenezwa kwa Chenin Blanc. Siku hizi umehamia kwenye zabibu za Champagne zenyewe.

Loire: kwao

Huko Anjou na Touraine, sehemu mbili za bonde hilo, shida ni kinyume cha yetu. Baridi ya Aprili inaua machipukizi, na vuli ikiwa na mvua zabibu haziivi. Mwaka mbovu mkulima anatengeneza mvinyo mkavu na wa mapovu. Mwaka wa jua anatengeneza mtamu. Ndiyo maana jina Vouvray, eneo la Touraine ambalo karibu kila chupa yake ni Chenin tupu, halikwambii kama mvinyo ni mkavu au mtamu. Maneno manne yanakwambia, na yanafaa kukaririwa:

Sec ni mkavu: sukari hadi gramu 4 kwa lita, au hadi 9 kama asidi ni ya kutosha kuibeba. Demi-sec ni utamu wa kati, hadi gramu 12, na kwa Chenin yenye asidi nyingi hadi 18. Moelleux ni kutoka hapo hadi gramu 45. Doux ni zaidi ya 45. Lebo ikikosa neno lolote kati ya hayo, muulize muuzaji, na akibabaika rudia hesabu ya kilevi. Utakuta pia sec-tendre, neno lisilo rasmi la mvinyo ulio katikati ya mbili za kwanza.

Vouvray demi-sec ndiyo chupa ya Loire ninayoipendekeza kwa meza ya pwani bila kusita. Gramu 15 za sukari juu ya asidi kali hazisikiki kama sukari. Zinasikika kama tunda lililoiva. Domaine Huet, nyumba iliyojengwa juu ya mashamba matatu ya Le Haut-Lieu, Le Mont na Clos du Bourg, ndiyo kipimo ambacho wengine wanapimwa nacho. Ni ghali, lakini chupa yake haikimbizani na muda: ilaze mahali pa baridi miaka 10 na itakuwa imebadilika kutoka tufaha na maua kwenda asali, nta na uyoga.

Savennières, chini zaidi mwa mto huko Anjou, ni habari nyingine. Udongo wake ni mwamba wa tabaka mweusi badala ya chokaa laini ya Vouvray, mvinyo ni mkavu, mzito, wenye kilevi cha juu na uchungu mwembamba mwishoni kama wa ganda la limau. Ukiwa mchanga umefunga kabisa. Usiuhukumu kwa glasi ya kwanza: umimine kwenye jagi, uache saa 3 au 4 mahali pa baridi. Harufu ya sweta la sufu lililolowa inayotoka mwanzoni si kasoro, ni kabila lake.

Kisha utamu wa kweli, wa maeneo matatu ya Anjou: Coteaux du Layon, Bonnezeaux, Quarts de Chaume. Ukungu wa asubuhi unapanda kutoka mto Layon, jua la mchana linakausha, na kuvu aina ya botritisi inatoboa ngozi ya punje na kunyonya maji. Kinachobaki ni sukari, asidi na harufu vilivyokolea. Kuvu hiyo hiyo ikipata mvua mfululizo inageuka kuwa uozo mtupu, na shamba zima linapotea. Wavunaji wanapita mara nyingi, wanachagua punje zilizosinyaa tu, na mavuno kwa hekta ni kidogo mno. Bei inaeleweka. Chupa moja inatosha watu 8 kwa glasi ndogo za mililita 90, na ikifunguliwa inakaa kwenye friji wiki nzima bila kulalamika.

Dodoma: zabibu sawa, kazi bado

Chenin Blanc ni zabibu nyeupe kuu ya mvinyo wa Dodoma, jirani na zabibu nyekundu za Makutupora na Syrah. Mahali panafaa kuliko watu wanavyodhani. Ni nyuzi 6 kusini mwa ikweta, lakini mwinuko ni zaidi ya mita 1,100, hewa ni kavu na usiku unapoa. Mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, nayo inakuja Desemba hadi Aprili. Kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupogoa, na shamba linavunwa mara mbili: karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba.

Mavuno hayo mawili si ndugu. Yale ya masika yanakutana na mvua, punje zinajaa maji, ukungu unaingia kwenye vichala vilivyobanana, na mkulima anavuna kabla ya wakati akihofia hasara. Ya kiangazi yanakuwa na sukari ya kutosha, ngozi safi, uchachu mzuri. Kama kiwanda kingeandika kwenye lebo "mavuno ya Agosti", ningelipa zaidi bila kuuliza. Lakini chupa nyingi za mvinyo mweupe wa Dodoma haziandiki msimu, wengine hawaandiki hata mwaka wala jina la zabibu. Wanaandika mweupe, mkavu au mtamu, basi.

Hitilafu zinazoonekana kwenye glasi zina sababu zinazojulikana. Ya kwanza ni muda kati ya shamba na kishinikizo. Zabibu zilizokatwa saa 5 asubuhi, zikarundikwa kwenye kreti na kungoja gari mpaka alasiri, zinaanza kuchachuka zenyewe, na juisi inageuka kahawia kabla haijafika kwenye tangi. Dawa yake ni kukata alfajiri na kumaliza kabla ya saa 3, kutumia kreti za kilo 15 hadi 20 ili za chini zisipondeke, na kukamua siku hiyo hiyo. Ya pili ni joto la tangi. Chenin inataka nyuzi 12 hadi 16 kwa wiki 2 au 3. Tangi likipita nyuzi 20 kwa mbali, harufu ya tunda inatoka na gesi, unabaki na mvinyo unaonuka mkate. Umeme wa kupoza ni gharama, na hapo ndipo kiwanda kidogo kinapobanwa. Ya tatu ni mchuzi wa zabibu, yaani juisi iliyokamuliwa, unaongoja mnunuzi. Mchuzi uliokaa miezi kwenye simtanki lililojaa nusu unakutana na hewa kila siku. Hata ukichujwa vizuri namna gani baadaye, chupa itakuwa na rangi ya chai nyepesi na harufu ya siki kwa mbali. Tangi lijazwe hadi juu, au mchuzi uuzwe mapema.

Kwa hiyo hukumu yangu kwa mvinyo mweupe wa Dodoma ni ya sharti. Ule mkavu, ukiupata mchanga, wa rangi ya majani makavu iliyofifia, una uchachu safi na harufu ya limau na pera, na kwa samaki wa kukaanga unaushinda mvinyo wa boksi uliosafirishwa kutoka Rasi. Ule mtamu mara nyingi umewekewa sukari ya kuficha. Inua chupa kwenye mwanga kabla ya kulipa: rangi ya kahawia kwenye mvinyo mweupe mkavu wa bei ndogo, rudisha rafuni. Na kama uko Dodoma, nunua kiwandani moja kwa moja, Hombolo kuna CETAWICO, badala ya dukani ambako chupa imekaa dirishani miezi sita.

Mezani

Chupa iliyotoka kwenye kabati la Dar es Salaam ina nyuzi 28 au 30. Friji inahitaji saa 2 na nusu hadi 3 kuifikisha kwenye nyuzi 8 au 10, ambazo ndizo za Chenin nyepesi. Ukiwa na haraka, ndoo yenye nusu maji nusu barafu na kiganja cha chumvi inafanya kazi hiyo kwa dakika 20. Barafu tupu bila maji inachelewa kwa sababu haiigusi chupa yote. Chenin ya pipa na Savennières zinataka nyuzi 11 hadi 13, vinginevyo baridi inaua harufu uliyoilipia. Ya mapovu, nyuzi 6 hadi 8. Mimina theluthi moja ya glasi, rudisha chupa kwenye barafu. Kuweka vipande vya barafu ndani ya glasi hakukatazwi kwa mvinyo wa boksi. Kwa Old Vine Reserve ni kumwaga pesa.

Kwenye chakula, Chenin inatufaa kuliko zabibu nyingi nyeupe. Samaki wa kupaka, mwenye nazi, ukwaju na pilipili, anataka demi-sec: sukari kidogo inapooza pilipili, uchachu unakata mafuta ya nazi. Usimpe mvinyo wa asilimia 14, kilevi kinawasha pilipili zaidi. Pweza wa kuchoma na ndimu, Chenin kavu nyepesi; mvinyo wenye uchachu mdogo kuliko ndimu unaonekana maji. Ndiyo sheria ile ile kwa kachumbari. Kitimoto cha kuchoma kinapatana na Chenin ya pipa vizuri ajabu, na si bahati: huko Touraine nyama ya nguruwe ndiyo mwenzake wa siku zote. Pilau yenye bizari na mdalasini, chagua Swartland. Achari ya embe inaushinda kila mvinyo mkavu. Ukiipenda sana, kunywa moelleux au kunywa maji. Coteaux du Layon usiipeleke kwenye keki ya sukari nyingi, itaonekana chachu. Ipeleke kwenye jibini kali, au kwenye embe dodo lililoiva peke yake.

Kasoro na zisizo kasoro

Harufu ya kadibodi iliyolowa, tunda limepotea: kizibo cha gome kimeuchafua mvinyo. Haitibiki. Rudisha chupa ikiwa imejaa, usiimalize kwanza ndipo udai.

Kizibo kimesukumwa juu, au kuna njia ya mvinyo uliokauka chini ya karatasi ya shingoni: chupa imepikwa na joto, kwenye kontena au kwenye gari. Usiinunue hata kwa nusu bei.

Vipovu vidogo kwenye Chenin changa kavu ni gesi iliyobaki kiwandani, havina neno. Vipovu hivyo kwenye mvinyo mtamu wenye mashapo chini ni hamira iliyoamka. Chupa inaendelea kuchachuka na kizibo kinaweza kuruka.

Harufu ya kiberiti au yai inapofunguliwa: mimina kwa kishindo kwenye jagi, zungusha, ngoja dakika 15. Mara nyingi inaondoka.

Harufu ya kabichi iliyochemshwa, hasa kwenye chupa ya kioo cheupe: taa za duka au jua la dirishani. Chukua ya nyuma ya rafu, safari nyingine.

Na punje zinazometa chini ya chupa au kwenye kizibo, zinazofanana na sukari au vipande vya kioo, ni chumvi ya asidi ya zabibu iliyoganda kwa baridi ya friji. Chenin inazo kuliko nyingine kwa sababu asidi yake ni nyingi. Simamisha chupa saa moja, mimina polepole, na ule mvinyo wa mwisho, wa kina cha kidole kimoja, uache chupani.